Kasisi, Imamu na Bastola: Imani ya Askari katika Ukanda wa Tororo na Busia

Katika majeshi ya kisasa askari hutambulishwa kwa vitu vitatu vinavyoonekana kwa macho, yaani cheo kilicho begani, kazi aliyopangiwa na silaha aliyokabidhiwa, lakini kipo pia kitu cha nne ambacho orodha ya ghala la silaha haikiandiki, nacho ni imani anayoingia nayo kambini na ambayo aghalabu huizidi sare yake kwa umri. Mhadhara huu unachunguza namna imani hiyo inavyokutana na majukumu ya kijeshi na hasa na silaha ya binafsi, yaani bastola au bunduki ndogo ambayo mtu hupewa kwa ajili ya kujihami mwenyewe, tofauti na silaha ya kikosi inayotumika kutekeleza mapigano yaliyoamriwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dini ya askari ni haki yake na kamwe haipaswi kugeuzwa chombo cha kamanda, na kwamba njia ya hakika zaidi ya kuulinda mpaka huo ni kumwacha mhudumu wa dini jeshini, awe kasisi, mchungaji au imamu, bila silaha yoyote mkononi.

Eneo linaloangaliwa ni ukanda wa Molo, Tororo na Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Molo imo katika wilaya ya Tororo, ambayo wakazi wake wengi ni Wateso na Wajopadhola, na jamaa zao Wateso wanaishi pia upande wa pili, katika kaunti ya Busia ya Kenya, kwa sababu mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliihamisha mikoa ya mashariki ya Uganda na kuiunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya, bila kuangalia ni nani anazika wapi wala ni nani ameoa wapi. Matokeo yake ni kwamba ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kuvaa sare za majeshi mawili tofauti na Jumapili wakaimba nyimbo zilezile za Kiteso. Molo ndiko alikozaliwa James Odongo, aliyekuwa askofu wa Tororo tangu mwaka 1968 na askofu mkuu wake wa kwanza tangu mwaka 1999, ambaye pia alibeba dhamana ya kichungaji kwa wanajeshi Wakatoliki wa Uganda. Ukanda huu basi umeyaona mambo mawili yanayohitaji kulinganishwa: umetoa mchungaji wa askari, na umepitiwa na jeshi ambalo mchungaji na kamanda walikuwa mtu mmoja.

Uhusiano wa silaha na ibada haukuletwa hapa na wageni. Mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyeandika kwa kina juu ya Wajopadhola, ameonyesha kwamba ibada ya Bura, iliyokuwa na madhabahu yake katika nchi ya Padhola na iliyosimamiwa mwishoni mwa karne ya 19 na kiongozi aliyeitwa Majanga, ilikuwa nguzo ya umoja wa koo zilizokuwa zikijilinda dhidi ya majirani. Katika mpangilio wa namna hiyo hapakuwa na jeshi la kudumu. Mwanamume alikuwa mkulima, mfugaji na mpiganaji kwa zamu, na baraka ya madhabahuni ilitolewa kwa jamii nzima inayolinda ardhi yake, si kwa kikosi kinacholipwa mshahara. Tofauti hii ni ya msingi, kwa maana mengi yanayosemwa leo kuhusu dini na askari hukosewa pale mtu anapochukua baraka ya jamii inayojilinda na kuihamishia kwenye taasisi ya dola yenye mikataba, mahakama za kijeshi na pensheni.

Mabadiliko yalikuja na bunduki na yalikuja yakiwa na sura ya dini. Huko Buganda, tangu mwaka 1888 hadi 1892, Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu walipigana kwa majina ya dini zao, na mwezi Januari 1892 Kapteni Frederick Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki na kuitumia bunduki ya Maxim huko Mengo upande wao. Askari wengi wa Lugard mwenyewe walikuwa Wanubi, masalia ya jeshi la Emin Pasha aliowachukua mwaka 1891, na hao walikuwa Waislamu waliokuwa wakiitumikia kampuni ya Waingereza Wakristo iliyomtuma Lugard. Walipoasi mwaka 1897 chanzo kilikuwa mshahara mdogo uliocheleweshwa pamoja na safari ndefu zisizokwisha, lakini watawala walichoogopa zaidi ni kwamba Uislamu ungewaunganisha na Waislamu wa Buganda, na kwa hiyo maasi ya wafanyakazi wasiolipwa yakasomwa kuwa njama ya dini. Waliotumika kuyazima ni pamoja na Masingasinga kutoka India, watu ambao kwao silaha yenyewe ni sehemu ya dini, kwa kuwa Singasinga aliyebatizwa huvaa kirpan, yaani upanga mfupi au kisu kinachomkumbusha wajibu wa kumlinda mnyonge. Ndani ya miezi michache, basi, katika nchi ya Busoga iliyo jirani kabisa na Tororo, walikutana askari ambao kwa mmoja dini ilikuwa tuhuma na kwa mwingine ilikuwa kisu kilichoruhusiwa kiunoni. Mamlaka ileile ilizisoma imani hizo mbili kwa macho mawili tofauti kwa kutegemea nani anaaminika na nani haaminiki, na kosa hilo halijatoweka katika majeshi ya leo.

Aliyeuleta utawala wa bunduki hadi Bukedi, jina la zamani la eneo lenye Mbale na Tororo, alikuwa Semei Kakungulu, jemadari Mprotestanti wa Kiganda aliyejizolea sifa katika vita hivyo vya dini. Kuanzia mwaka 1899 alijenga ngome na kuweka mawakala wa Kiganda, na dini iliyofuata nyuma ya ngome hizo ilipokelewa na wenyeji wengi kama dini ya mwenye bunduki. Maisha ya Kakungulu baada ya hapo yanastahili kufikiriwa kwa heshima: alipoona Waingereza hawampi ufalme alioutumaini, alijiunga na madhehebu ya Malaki yaliyokataa dawa za hospitali, kisha mwaka 1919 akajitahiri na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao wapo hadi leo katika vilima vya Mbale. Alifariki mwaka 1928 akiwa mtu wa kitabu kuliko mtu wa bunduki. Imani yake ya mwisho haikumletea kikosi hata kimoja, na ndiyo iliyodumu.

Kisa kinachobeba uzito wote wa suala hili, hata hivyo, ni cha mwezi Oktoba 1987, wakati Jeshi la Roho Mtakatifu la Alice Auma, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lakwena, lilipopita Tororo likielekea Jinja na Kampala. Alice alikuwa mwanamke wa Kiacholi aliyesema ameingiwa na roho iitwayo Lakwena, yaani mjumbe, mwaka 1985, na ambaye mwaka uliofuata aliacha kazi ya uganga na kuanza kuongoza vita. Wengi wa wafuasi wake wa mwanzo walikuwa askari wa jeshi la zamani la taifa, UNLA, waliorudi kaskazini wakiwa wameshindwa baada ya majeshi ya NRA ya Yoweri Museveni kuiteka Kampala mnamo Januari 26, 1986. Kutoka Kitgum jeshi hilo lilishuka Lira, likaingia Soroti, likapita Mbale na kufika Tororo, na kila lilipofika lilipata wafuasi wapya kutoka makabila ya hapo, wakiwemo Wateso na Wajopadhola, jambo linaloonyesha kwamba mvuto wake haukuwa wa Kiacholi peke yake.

Mwanaanthropolojia Heike Behrend, aliyefanya utafiti wa kina juu ya jeshi hilo, ameeleza mpangilio wake kwa namna inayomwezesha msomaji kuliona kuwa ni jeshi halisi lenye taratibu. Askari alitakaswa kabla ya kupokelewa. Alipakwa mafuta ya mti wa shea, yanayoitwa moo yaa kwa Kiacholi, na kunyunyiziwa maji katika uwanja wa ibada. Alifungwa na sheria 20 zilizoitwa tahadhari za usalama: asiibe, asizini, asinywe pombe, asivute sigara, asibebe hirizi mfukoni, na asijifiche nyuma ya mti, kichuguu au nyasi wakati wa mapigano. Kulikuwa na watu waliopewa kazi ya kurusha mawe yaliyoaminiwa kwamba yangelipuka kama mabomu, na kulikuwa na muda maalumu wa kuimba nyimbo za dini kabla ya kusonga mbele wima kuelekea risasi. Bunduki zilikuwapo, tena si chache, ila zilishushwa hadhi: kilichohesabiwa kuwa silaha ya kweli ni usafi wa moyo wa mbebaji wake.

Mtazamaji wa nje huishia kwenye mawe na mafuta na kutikisa kichwa, na kwa kufanya hivyo hupoteza jambo zito kuliko yote. Wale askari wa zamani wa UNLA walirudi vijijini wakiwa na damu mikononi, wengine wakiwa wameshiriki mauaji ya raia katika eneo la Luwero, na katika imani ya Kiacholi roho ya mtu aliyeuawa vibaya, iitwayo cen, humfuata muuaji na kuisumbua nyumba yake mpaka atakaswe. Wazee walishindwa kuwatakasa wote, kwa sababu wengine waliikataa ibada hiyo na wengine walikuwa wengi mno. Jeshi la taifa lililowafundisha kuua halikuwa na utaratibu wowote wa kuwapokea baada ya kuua. Alice aliwapa utakaso, sheria ya maadili, na nafasi ya kuanza upya, na hilo ndilo lililowafanya maelfu wamfuate. Kwa upande huu alijibu hitaji la kweli ambalo kila jeshi duniani linalo na ambalo majeshi mengi yanalipuuza hadi leo: mtu aliyeamriwa kuua anahitaji mahali pa kuuweka mzigo huo, na daktari peke yake hatoshi.

Ubaya haukuwa katika utakaso. Ubaya ulikuwa pale ambapo yuleyule aliyetakasa ndiye aliyeamuru mashambulizi. Roho iliyosamehe dhambi ndiyo iliyopanga vita, na mwenye kusikiliza toba ndiye aliyeamua nani atembee mbele. Katika hali hiyo askari hakuwa na mtu wa tatu wa kumwendea, kwa maana kuihoji amri ya kijeshi kulikuwa sawa na kumkana Mungu. Jambo la kutisha zaidi ni maelezo yaliyotolewa kuhusu waliokufa: aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa alivunja moja ya zile tahadhari 20, na kwa hiyo kila maiti iliithibitisha sheria badala ya kuitilia shaka. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kujisahihisha. Kamanda wa kawaida anayepoteza watu 50 kwenye uwanja wa wazi hulazimika kubadilisha mbinu au kujibu mbele ya wakubwa wake, lakini kamanda aliye nabii huwalaumu wafu. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuliona hilo katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, wakati maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe yalipoahidiwa kuzizuia risasi za Wajerumani, na mashariki ya Kongo ililiona tena kwa wapiganaji wa Simba wa mwaka 1964 na linaonekana kwa makundi ya Mai-Mai yaliyofuata.

Safari ya Jeshi la Roho Mtakatifu iliishia Busoga. Baada ya Tororo lilisonga hadi karibu na Magamaga na Jinja, na huko, katika mwezi wa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1987, askari wa NRA wenye mizinga na waliokuwa wamekwisha kuacha kuziogopa nyimbo walilivunja. Vijana waliokatazwa kujificha nyuma ya kichuguu walikufa wakiwa wima. Alice mwenyewe alivuka mpaka na kuingia Kenya mwishoni mwa mwaka huo, mwezi uleule wa Desemba ambao majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi mjini Busia na mpaka ukafungwa, na alifariki tarehe 17 Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab.

Kinyume cha mfumo huo ni ukasisi wa jeshi, yaani mpango ambao dola humwingiza jeshini mhudumu wa dini kwa kazi moja tu ya kiroho bila kumpa mamlaka ya kuamrisha mapigano. Uganda na Kenya ziliurithi mpango huu kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Kanisa Katoliki lilianzisha mamlaka ya kichungaji ya kijeshi kwa kila moja ya nchi hizi mwaka 1964, na mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili alizipa mamlaka hizo duniani kote hadhi inayofanana na ya jimbo la kawaida, ili askofu wa wanajeshi awe na waumini wake popote kikosi kinapopelekwa. Majeshi yote mawili yana pia makasisi wa Kianglikana au Kiprotestanti na maimamu. Sheria za Kanisa Katoliki zenyewe zinasema kwamba utumishi wa kijeshi haulingani na daraja la kasisi, na kwamba asijiunge kwa hiari bila idhini ya askofu wake. Kwa hiyo padri anayevaa sare ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda yumo humo kwa ruhusa maalumu na kwa ajili ya watu, na bunduki si sehemu ya ruhusa hiyo.

Cheo ni tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kasisi hupewa cheo cha ofisa ili apate makazi, mshahara na usikivu wa wakubwa, lakini koplo anayetaka kuungama kwamba alimpiga mfungwa hujikuta mbele ya meja ambaye anapaswa kumpigia saluti. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilipata ufumbuzi wa busara: kasisi wake hana cheo chochote, na kwa desturi huhesabiwa kuwa na cheo cha yule anayezungumza naye, akiwa baharia kwa baharia na amiri kwa amiri. Utaratibu huo ungefaa kuigwa Kampala na Nairobi bila gharama yoyote ya fedha.

Kuhusu silaha, sheria ya kimataifa inasema mengi na kunyamaza mahali pamoja. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ambao Uganda na Kenya zote ziliukubali katika muongo wa 1960, unaamuru katika kifungu cha 24 kwamba makasisi walioambatanishwa na majeshi waheshimiwe na kulindwa katika hali zote, sawasawa na madaktari. Kasisi akiangukia mikononi mwa adui hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita; anaweza kuzuiwa kwa kadiri tu wafungwa wanavyohitaji huduma yake. Itifaki ya mwaka 1977 inaongeza kwamba ulinzi huo ni wa wale wanaoshughulika na kazi ya kidini pekee. Kwa wahudumu wa afya, kifungu cha 22 kinaeleza wazi kwamba kubeba silaha za kujihami au kuwalinda majeruhi hakuwaondolei ulinzi, lakini kwa makasisi hakuna kifungu kinachosema hivyo. Kwa sababu ya ukimya huo kila nchi imejiamulia. Marekani na Uingereza huwakataza makasisi wao kubeba silaha. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani kasisi hufuatana na msaidizi ambaye ni askari kamili mwenye bunduki, na kazi ya msaidizi huyo ni pamoja na kumlinda. Wapo wataalamu wa sheria wanaoona kwamba bastola ya kujihami haimwondolei kasisi kinga yake, na hoja yao kisheria si dhaifu.

Hoja hiyo hupata nguvu zaidi Somalia. Uganda ilipeleka askari Mogadishu mwezi Machi 2007 na Kenya ikavuka mpaka mwezi Oktoba 2011, na adui wanayepambana naye, Al-Shabaab, haheshimu alama ya msalaba mwekundu wala ya hilali nyekundu. Kambi ya Kenya ya El Adde ilipovamiwa tarehe 15 Januari 2016, na ile ya Uganda ya Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, hapakuwa na mstari wa mbele na wa nyuma, na yeyote aliyekuwa ndani alikuwa shabaha. Mwenye kumtaka kasisi abaki mikono mitupu katika mazingira kama hayo anawajibika kueleza kwa nini, kwa sababu anazungumzia uhai wa mtu.

Jibu la kwanza ni kwamba bastola moja haingeliokoa maisha yake mbele ya gari lililojaa baruti na mamia ya washambuliaji, ilhali ingelimwondolea sifa inayomtofautisha na wengine wote kambini. Jibu la pili ni zito zaidi. Al-Shabaab hueneza habari kwamba majeshi ya Kenya na Uganda ni majeshi ya msalaba yaliyokuja kuupiga vita Uislamu, na hakuna ushahidi mzuri zaidi wa kuwasaidia kuliko picha ya padri mwenye bastola ubavuni. Kinyume chake, imamu wa kijeshi asiye na silaha, anayewaswalisha askari Waislamu wa Uganda au Kenya na kuzungumza na wazee wa Kisomali, huukanusha uongo huo kwa kuwapo kwake tu. Ulinzi wa watu hao ni kazi ya walinzi, na kila kasisi au imamu anayepelekwa uwanjani anastahili kupewa mlinzi aliyefunzwa. Kumkabidhi bastola ni njia ya bei nafuu ya kumwambia ajitegemee.

Ieleweke kwamba katazo hili linamhusu mhudumu wa dini, si muumini. Vitabu vitakatifu vyenyewe havikumtaka askari aache silaha yake ili asali. Aya ya 102 ya Surat an-Nisaa inaweka utaratibu wa sala ya hofu, ambapo kundi moja husali huku jingine likilinda, na wanaosali wanaambiwa wawe na silaha zao. Katika Injili ya Luka, askari waliomwendea Yohana Mbatizaji hawakuambiwa waache kazi; waliambiwa wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao, agizo ambalo mkazi yeyote wa mpakani aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani angependa libandikwe kwenye kila kituo. Wapo pia Wakristo wanaokataa silaha kabisa, na kundi lao kubwa liko karibu: Wakwekeri, yaani Jamii ya Marafiki, waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, wameifanya Kenya ya magharibi kuwa mojawapo ya maeneo yenye Wakwekeri wengi zaidi duniani. Kwa kuwa Uganda na Kenya haziwalazimishi raia kujiunga na jeshi, mgongano wao na dola umekuwa mdogo, ingawa askari anayebadili msimamo baada ya kuapa hana njia iliyonyooka ya kuondoka kwa sababu ya dhamiri.

Katiba za nchi hizi mbili zinatoa msingi ulio imara kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema katika kifungu cha 7 kwamba nchi haitakuwa na dini ya dola, inalinda uhuru wa kuabudu katika kifungu cha 29, na katika kifungu cha 208 inalitaka jeshi liwe la kitaifa na lisilofungamana na upande. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakwenda mbali zaidi kwa njia ambayo haijatiliwa maanani: kifungu cha 24(5) kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuzipunguza kwa wanajeshi na polisi, zikiwemo faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika, uhusiano wa kazi, haki za kiuchumi na kijamii na haki za aliyekamatwa, lakini uhuru wa dini na dhamiri uliomo katika kifungu cha 32 haumo katika orodha hiyo. Kwa maneno mengine, mwanajeshi wa Kenya anaweza kunyimwa chama cha wafanyakazi, lakini ibada yake haigusiki kwa njia hiyo. Waliotunga orodha hiyo walistahili pongezi nyingi kuliko walizopata.

Kinachokosekana ni kanuni za chini, zile ambazo sajini huzifuata asubuhi. Zinahitajika kanuni zinazosema kwamba kamanda hawezi kuigeuza sala kuwa amri, wala kumwadhibu au kumpandisha cheo mtu kwa sababu amehudhuria au hakuhudhuria. Kwamba chakula, mazishi na sikukuu za Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi zina nafasi sawa. Kwamba aliyetoka vitani apewe muda na mtu wa kumsikiliza, na asiyetaka kasisi wala imamu aruhusiwe kwenda kwa wazee wa kwao kutakaswa, kama walivyohitaji wale waliorudi kaskazini mwaka 1986 bila kupokelewa na jeshi lolote. Hili la mwisho halina budi kutiliwa mkazo katika kambi kama ya Rubongo, mjini Tororo, ambako askari anayerudi kutoka Somalia yuko mwendo wa saa chache tu kutoka kijijini kwake Molo au Kisoko, akiwa na mshahara wake mfukoni na maiti alizoziona kichwani.

Bunge la Kampala na lile la Nairobi yanaombwa basi kuliandika jambo hili katika kanuni za majeshi yao: kwamba kasisi na imamu wa jeshi hawabebi silaha, hawana mamlaka ya kuamrisha, hawalazimishwi kutoa siri ya toba kwa kamanda yeyote, na kila anayepelekwa nje ya nchi anakuwa na mlinzi wake. Makanisa na misikiti ya Tororo na Busia, ambayo ndiyo inayowatoa watu hao na ndiyo inayowapokea askari wanaporudi, ina kila haki ya kuwa ya kwanza kuyadai hayo.